Mgonjwa Asiyeugua: Hedhi, Lugha na Mazoezi ya Viungo Katika Shule za Meru na Embu

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Methali hii hurudiwa na watahiniwa kila mwaka katika insha zao, aghalabu bila kutafakariwa, na ni nadra kukumbukwa mahali ambapo ingefaa zaidi: kiwanja cha michezo cha shule ya wasichana. Katika shule za bweni zilizotapakaa kando ya barabara itokayo Embu kuelekea Meru, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, kipindi cha elimu ya viungo kina sura inayojulikana na kila mwalimu. Filimbi hulia na darasa hugawanyika. Wengi huteremka uwanjani. Wachache husalia kivulini, wamevaa sweta hata jua likiwa kali, mikono imekumbatia tumbo. Wakiulizwa wana nini hujibu kwa neno moja: “Mgonjwa.” Mwalimu, awe mwanamume au mwanamke, haulizi la pili. Neno limeeleweka, staha imelindwa, na mchezo unaendelea bila wao.

Hapana ubaya katika staha. Jamii isiyo na tasfida ni jamii isiyo na adabu, na mwanafunzi yeyote wa Kiswahili aliyepita katika somo la isimujamii anafahamu kuwa kila lugha huyavisha nguo mambo ya mwili. Taabu huanza pale nguo inapochukuliwa kuwa ndiyo mwili wenyewe. Neno “mgonjwa” lilikusudiwa kumsitiri msichana kwa dakika chache. Sasa limegeuka cheti cha daktari. Kwa kuwa ameitwa mgonjwa, hutendewa kama mgonjwa: hukaa, hujikunyata, hulala, husamehewa mbio na mpira. Hali kadhalika yeye mwenyewe huamini kuwa ni mgonjwa. Mwezi baada ya mwezi, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, hufundishwa na lugha yake kwamba mwili wake una siku kadhaa za kuvunjika, na kwamba dawa ya siku hizo ni kutulia. Elimu ya tiba inasema kinyume.

Kabla ya kuifikia elimu hiyo, inafaa kuuliza neno hili lilitoka wapi, maana Kiswahili hakikupungukiwa na maneno. Hedhi lilikuja kutoka Kiarabu likakaa, likapata hadhi ya vitabuni na msikitini. Mwanamke huwa mwezini, huwa katika siku zake. Msichana anayeiona damu kwa mara ya kwanza husemwa kuwa amevunja ungo. Katika desturi za pwani mwari alikabidhiwa kwa kungwi au somo, mwanamke mzima aliyemfundisha mambo ya mwili wake waziwazi, ndani ya chumba kilichofungwa. Katika lugha za Mlima Kenya, Kimeru na Kiembu miongoni mwazo, mweri ni mwezi wa angani na ni mwezi wa kuhesabia siku, sawa na ilivyo katika Kiswahili. Katika semi zote hizi hamna ugonjwa. Mwezi unapoandama hapana mtu asemaye kuwa umeugua.

Inaelekea kwamba ugonjwa uliingizwa na shule. Daftari la mahudhurio halina safu ya walio mwezini. Lina waliopo, wasiokuwapo na wagonjwa. Msichana anayetaka ruhusa hana budi kuitafuta katika safu mojawapo kati ya hizo, na iliyo karibu zaidi ni ya tatu. Hivyo basi, urahisi wa karani ulizaa istilahi, na istilahi ikazaa imani. Si mara ya kwanza kwa lugha kufanya hivyo.

Maumivu yenyewe ni ya kweli, na asiyeyajua asiyadharau. Utando wa ndani wa mji wa mimba unapokaribia kubomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizi huufanya msuli wa mji wa mimba ujikaze ili kuusukuma utando utoke. Zikizidi, msuli hukazana mno, mishipa ya damu hubanwa, na maumivu hutambaa kutoka tumboni hadi kiunoni na mapajani. Baadhi ya wasichana hutapika, wengine huharisha, wengine huzimia. Haya ndiyo ambayo wazee wengi wa Kiswahili wangeyaita chango. Kumwambia msichana wa aina hiyo kuwa anajidekeza ni ukatili, na walimu wanaosema hivyo hawapungui.

Lakini kumkalisha kivulini hakumpunguzii kitu. Mwaka 2019 watafiti wa mtandao wa Cochrane, unaosifika kwa kupima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio 12 yaliyohusisha wanawake 854 ili kuchunguza kama mazoezi ya viungo hupunguza maumivu ya hedhi. Waligundua kuwa wanawake waliofanya mazoezi kwa muda wa dakika 45 hadi 60, mara tatu au zaidi kwa wiki, walipungukiwa na maumivu kwa takriban alama 25 katika kipimo cha alama 100, wakilinganishwa na wale wasiofanya. Ajabu ni kwamba uzito wa mazoezi haukuleta tofauti kubwa: waliokimbia na waliojinyoosha taratibu kwa mtindo wa yoga walinufaika. Watafiti hao walikiri, kama wasomi waaminifu wanavyopaswa, kuwa ubora wa ushahidi huo si wa juu, kwa kuwa majaribio mengi yalikuwa madogo. Hata hivyo, dawa isiyouzwa, isiyo na madhara makubwa, na inayopatikana kwenye kiwanja cha kila shule haihitaji ushahidi wa dhahabu ili ijaribiwe. Inadhaniwa kuwa mwili unaozoea mazoezi hutoa endofini, kemikali zinazotuliza maumivu. Kwamba damu hupita kwa wepesi zaidi kiunoni. Na kwamba wasiwasi, ambao huyazidisha maumivu yoyote, hupungua.

Hapa Kiswahili kina jambo la kuifunza tiba. Zoezi latokana na kitenzi zoea. Siri yote imo katika mnyambuliko huo. Majaribio yaliyotajwa hayakumpima msichana aliyeamshwa siku ya maumivu akalazimishwa kuzunguka uwanja mara nne. Yalimpima aliyezoea, wiki baada ya wiki, kabla ya mwezi kuandama na baada yake. Mwalimu atakayesoma makala haya kisha akamburura mwari kutoka kivulini kesho asubuhi atakuwa hakuelewa. Msichana anayeumwa sana siku ya kwanza na apumzike, apewe dawa na chupa ya maji moto. Lakini asiondolewe katika orodha ya wachezaji, wala asiambiwe kuwa kutembea au kujinyoosha kutamdhuru. Tena mazoezi hayatibu kila kitu. Damu inayozidi siku saba, au inayolowesha kisodo kila saa, au maumivu yasiyosikia dawa wala kujali siku za mwezi, yote haya ni ya kupelekwa hospitali. Huenda kuna endometriosisi au uvimbe, na hapo neno “mgonjwa” litakuwa limepata mwenyewe.

Kuna watakaoguna. Msichana wa Meru au Embu, watasema, anahitaji mazoezi ya nini? Ameteremka mtoni Thuci akapanda na mtungi. Amebeba kuni kwa ukanda uliopita kwenye utosi. Amechuma majani chai tangu alfajiri katika mashamba yanayopakana na msitu, au kahawa huko chini, au amepalilia mbaazi katika jua la Mbeere. Hoja hii ina uzito, na waandishi wa mijini wanaohubiri mazoezi kana kwamba kila Mkenya hushinda kitini wanastahili kuisikia. Lakini ina nyufa mbili. Ya kwanza ni kwamba msichana anayezungumziwa hapa yumo bwenini miezi tisa kati ya kumi na miwili. Huko hapandi mlima; huamka kabla ya mapambazuko, hukaa darasani, hukaa bwaloni, hukaa kwenye masomo ya jioni. Kipindi cha elimu ya viungo kimo katika ratiba, ila kwa miaka mingi, kwa kuwa hakitahiniwi, kimekuwa akiba ya mwalimu wa Hisabati ambaye hajamaliza silabasi. Haishangazi kwamba takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2016, kutoka nchi 146, zilionyesha kuwa wasichana 85 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa, yaani saa moja kwa siku.

Ufa wa pili ni mzito zaidi. Kazi ya shamba huchosha mgongo uleule na bega lilelile, na hufanywa aliyechoka asichoke kwa hiari yake. Mchezo una pumzi, mzunguko, kicheko na mwisho. Anayelinganisha mtungi na mpira hajabeba mtungi.

Kufikia hapa msomaji anaweza kudhani kwamba kadiri msichana anavyozidisha mazoezi ndivyo hedhi yake inavyozidi kuwa salama. Sivyo, na Embu ni mahali pazuri pa kulieleza hilo. Pembezoni mwa msitu wa Mlima Kenya kipo Kigari, na hapo Kigari, katika chuo cha walimu cha St. Mark's, timu ya taifa ya mbio za nyika ilipiga kambi kwa miaka mingi. Watoto wa vijiji vya karibu walikua wakiwaona mabingwa wa dunia wakipita kwenye vumbi jekundu kabla ya jua kuchomoza. Mwaka 1994 Helen Chepngeno alikuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji la dunia la mbio za nyika za wanawake, huko Budapest. Mwaka 2007, mashindano hayo yalipofanyika Mombasa, Linet Masai alishinda mbio za wasichana chipukizi akiwa na umri wa miaka 17, umri wa msichana wa kidato cha tatu au cha nne. Ushindi wa namna hiyo umewafanya wasichana wengi wa shule, milimani kote, kuvaa raba na kuifuata ndoto.

Kwa mkimbiaji wa umri huo hatari hubadilika sura. Mwili unaokimbia kilomita nyingi kila siku bila kula cha kutosha hufanya hesabu kama mama mwenye unga kidogo: hukata kisicho cha lazima leo. Ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, hupunguza amri zinazoziamsha ovari, ovari hupunguza homoni ya estrojeni, hedhi hupotea. Aliyezoea kuumwa hufurahi. Wakufunzi wengine nao hufurahi, na zamani palikuwa na waliodhani kuwa hiyo ni dalili ya mazoezi yaliyokolea. Kumbe estrojeni hiyohiyo ndiyo inayolinda mifupa, na sehemu kubwa ya mifupa ya mwanadamu hujengwa kabla ya kutimiza miaka ishirini. Msichana anayekosa hedhi mwaka mzima akiwa na miaka 16 anakopa kwenye mfupa atakaousimamia akiwa na miaka 50. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitolea hali hii tamko rasmi, ikisisitiza kuwa kiini chake ni upungufu wa nishati, yaani chakula kisicholingana na kazi. Si jambo la ughaibuni tu. Utafiti kuhusu wasichana wakimbiaji wa Kenya uliochapishwa mwaka 2016 ulibaini kuwa karibu thuluthi yao walikuwa na hedhi iliyovurugika, ilhali miongoni mwa wenzao wasiokuwa wanariadha idadi hiyo haikufika moja kwa tano.

Sasa msichana huyu amwambie nani, na kwa maneno gani? Hapa ndipo lugha inapomsaliti kwa mara ya pili. Katika Kiswahili cha kila siku, msichana “aliyekosa mwezi” ana maana moja tu. Matroni akisikia, macho humwendea tumboni. Mama akisikia, humtafuta mvulana. Mkimbiaji mwenye njaa hubebeshwa tuhuma ya mimba, na kwa kuliogopa neno hilo hunyamaza, huku mifupa ikidhoofika. Asiyeugua huitwa mgonjwa, na anayeugua huitwa mkosaji. Ni vigumu kufikiria mfano wa istilahi uliokwenda mrama zaidi ya huu. Madaktari wa wanawake wa Marekani, kupitia chama chao, walipendekeza kuwa hedhi ya msichana ihesabiwe kama kipimo cha msingi cha afya, sawa na mapigo ya moyo au joto la mwili. Kwa msichana, kutoka mwanzo wa hedhi moja hadi mwanzo wa nyingine huwa siku 21 hadi 45. Hubabaika mwaka wa kwanza au wa pili baada ya kuvunja ungo, kisha hutulia. Ikipotea miezi mitatu mfululizo, sababu itafutwe, na mimba ni sababu mojawapo tu. Mara nyingi jibu la mkimbiaji liko kwenye sahani: githeri yenye maharagwe ya kutosha, mboga za majani, yai, maziwa, na pumziko. (Na chai, fahari ya nyanda za juu za Meru na Embu, isinywewe pamoja na chakula, kwa maana huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, ambayo mwenye hedhi huyahitaji sana.)

Wapo watakaosema kuwa jamii za Mlima Kenya haziwezi kuzungumza wazi juu ya mwili wa msichana. Historia inawakanusha. Mwaka 1956 baraza la wazee wa Meru, Njuri Ncheke, lilipopiga marufuku tohara ya wasichana chini ya serikali ya kikoloni, wasichana wengi walijitahiri wenyewe kwa kukaidi. Wazee, wakoloni na wamisheni walikuwa wameuzungumzia mwili huo kwa sauti kubwa; wenye mwili ndio ambao hawakuulizwa. Miaka arobaini baadaye njia nyingine ilionekana. Mwaka 1996, katika eneo la Gatunga huko Tharaka, ambalo lilikuwa sehemu ya Meru ya zamani, familia kadhaa kwa msaada wa shirika la Maendeleo ya Wanawake zilianzisha sherehe iliyoitwa Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Wasichana walitengwa kama zamani, wakafundishwa juu ya mwili, uzazi na usafi, wakatoka wakishangiliwa, na kisu hakikuguswa. Msomi wa lugha angepaswa kuisoma habari hiyo mara mbili. Ikiwa maneno yaliaminiwa kushika nafasi ya wembe, yashindwe vipi kushika nafasi ya neno moja lililopotoka?

Yapo pia mambo yasiyotengenezwa kwa maneno. Msichana asiye na kisodo hawezi kukimbia, hata akielewa kila sentensi iliyoandikwa hapa. Kenya iliondoa kodi ya thamani kwenye sodo mwaka 2004, ikitangulia nchi nyingi, na mwaka 2017 ikatunga sheria ya kuwapa bure wasichana wa shule za umma. Sheria ni nzuri. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua. Kadhalika sketi za michezo za rangi nyeupe au manjano zingeweza kuachwa bila kungojea bunge. Hata Wimbledon, penye ukaidi wa mavazi meupe, iliwaruhusu wanawake kuvaa kaptura za ndani za rangi iliyokoza mwaka 2023.

Lakini sehemu ya lugha ni ya watu wa lugha, na haiwezi kuachiwa wauguzi. Wanafunzi wengi wanaosomea Kiswahili vyuoni ni walimu watarajiwa. Muhula wa mazoezi ya kufundisha ukifika watapelekwa Runyenjes, Siakago, Chuka, Nkubu na Maua, na kwa kuwa ni vijana watatwikwa pia usimamizi wa michezo. Watafika wakiwa na maarifa ya tasfida, ya uundaji wa istilahi na ya maana dhahiri na maana fiche, na jioni ya kwanza watakutana na msichana aliyevaa sweta juani, akisema kuwa ni mgonjwa. Mwalimu huyo mgeni atakuwa na nafasi ya swali moja, kwa sauti ya chini, mbali na wenzake: “Unaugua, au uko mwezini?” Akijibiwa kuwa yuko mwezini, amuulize kama anaumwa sana au kidogo. Wa kidogo atembee na wenzake kuuzunguka uwanja. Wa sana apelekwe kwa matroni na aandikwe atakaporejea. Na yule mwembamba anayeongoza mbio kila Jumamosi, ambaye hajawahi kukaa kivulini hata mwezi mmoja tangu Januari, naye aulizwe.